Kutambua mapema ugonjwa wa kiungo baada ya jeraha: mwongozo kwa wakaaji wa Goma

Mtu aliyeanguka na moto (pikipiki) kwenye barabara ya Sake, akavunjika karibu na goti, akafungwa plata, kisha akatolewa plata na kuanza tena kutembea, huhesabiwa nyumbani kwake kuwa amepona. Maumivu yamekwisha, mfupa umeunga, na kazi imeendelea. Lakini ndani ya goti hilo huenda gegedu, yaani ile tabaka nyeupe na yenye utelezi inayofunika ncha za mifupa mahali inapokutana, limeanza kulika polepole. Ugonjwa huo madaktari huuita athrozi ya baada ya jeraha, na wagonjwa wengi hulisikia jina hilo kwa mara ya kwanza wakati kiungo kimekwisha kuharibika.

Kuchelewa huko kuna sababu yake katika maumbile ya kiungo chenyewe. Gegedu halina mishipa ya fahamu wala mishipa ya damu. Kwa kuwa halina fahamu, linaweza kupasuka na kupungua unene bila mwenyewe kuhisi lolote; na kwa kuwa halina damu, halijitengenezi upya kama ngozi au mfupa, bali hulishwa na ute wa kiungo unaoingia na kutoka kila kiungo kinapobanwa na kuachiliwa. Maumivu huja baadaye, pale ambapo mfupa ulio chini ya gegedu, utando wa ndani wa kiungo au misuli ya jirani imekwisha kuguswa. Kwa hiyo anayesubiri maumivu ndipo achunguzwe huwa amekwisha kupoteza miaka yake bora ya kujikinga. Kabla ya kuuma, kiungo kilichoumia hupunguza kazi: hakinyooki hadi mwisho, hakikunjiki kama mwenzake, huvimba kidogo jioni, na misuli yake hukonda. Mambo hayo yote yanaweza kupimwa nyumbani kwa futi ya fundi cherehani, ukuta na daftari, na kipimo kikuu ni upande wa pili wa mwili, ule ambao haukuumia.

Ugonjwa huu haungoji uzee. Makadirio yanayotumiwa sana na madaktari wa mifupa yanasema kwamba karibu asilimia 12 ya athrozi yote yenye dalili hutokana na jeraha la zamani, na kwa kifundo cha mguu hesabu ni kubwa zaidi, kwa maana zaidi ya thuluthi mbili ya wagonjwa wake waliwahi kuumia hapo. Kati ya watu waliokatika ligamenti (kano inayofunga mfupa kwa mfupa) ya msalaba ya mbele ya goti, au waliopasuka meniski (kile kijito cha gegedu kilicho kati ya mifupa ya goti), karibu nusu huonekana na athrozi kwenye picha ya radio (eksirei) kati ya mwaka wa 10 na wa 20 baada ya jeraha. Kijana aliyeumia akiwa na miaka 20 anaweza basi kufikisha 35 goti lake likiwa limechakaa, akiwa na watoto wa kulisha na kazi inayotegemea miguu. Katika mji huu, ambamo watu hutembea juu ya mawe ya volkano, hubeba maji kwa bidoni, huendesha moto na kusukuma chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, kutoka Kibumba, jambo hilo linagusa riziki ya nyumba nzima.

Hatua ya kwanza: kujua kama jeraha lako ni la kufuatiliwa

Si kila kuteguka kunaleta ugonjwa. Majeraha yanayostahili kufuatiliwa kwa miaka ni haya: mfupa uliovunjika hadi ufa ukaingia ndani ya kiungo, kiungo kilichochomoka na kurudishwa, hasa nyonga, bega, goti na pia ya goti (kile kifupa cha mbele ya goti), ligamenti iliyokatika, meniski iliyopasuka au iliyoondolewa kwa upasuaji, kifundo cha mguu kilichoteguka mara kwa mara hadi kikalegea, risasi au kipande cha chuma kilichopita ndani ya kiungo, na kiungo kilichowahi kuingiwa na usaha.

Namna uvimbe ulivyokuja siku ya kwanza hueleza mengi. Goti lililojaa ndani ya saa mbili hadi nne baada ya kuumia kwa kawaida limejaa damu, na damu ndani ya goti inamaanisha ligamenti iliyokatika, pia ya goti iliyochomoka au mfupa uliopasuka, hadi ithibitishwe vinginevyo. Goti lililovimba usiku au kesho yake mara nyingi limejaa ute, na meniski ndiyo ya kwanza kushukiwa. Tofauti hii ya saa chache husahauliwa baada ya wiki mbili, nayo ina thamani kubwa kwa daktari, hivyo iandikwe siku hiyohiyo. Iandikwe pia kama ulisikia mlio wa kitu kukatika, na kama uliweza kukanyaga. Mtu asiyeweza kupiga hatua nne, mara tu baada ya kuumia na tena alipofika kituo cha afya, anahitaji picha ya radio; kanuni hii hutumiwa kwa kifundo cha mguu na kwa goti pia.

Kabla ya kutoka hospitalini, mwenye jeraha au ndugu anayemsindikiza aulize maswali matatu kwa heshima na bila woga: «Daktari, ufa wa mfupa uliingia ndani ya kiungo? Nyuso za mfupa zilirudi sawasawa au kumebaki kidato? Ligamenti zilipimwa, na zilikutwaje?» Kidato cha milimita chache tu ndani ya kiungo hubadilisha namna uzito unavyogawanyika juu ya gegedu, na wapasuaji wengi huanza kuwa na wasiwasi kinapofikia milimita 2. Majibu yaandikwe. Picha za radio zihifadhiwe mahali pakavu, na kila moja ipigwe picha kwa simu ikiwa imeegemezwa kwenye dirisha lenye mwanga, kwa sababu watu wengi wa Goma wamepoteza karatasi zao zote katika kuhama kwa ghafla, kama ilivyotokea Nyiragongo ilipolipuka mwaka 2002 na 2021, na picha ya kwanza ndiyo ambayo nyingine zote zitalinganishwa nayo.

Nawasihi pia wale wanaokwenda kwanza kwa mkandaji au mwunga mifupa. Wapo wenye mikono ya upole ambao wamesaidia watu wengi, na sina nia ya kuwadharau. Lakini kiungo kilichovimba siku hiyohiyo kisivutwe wala kukandwa kwa maji ya moto. Hatari kubwa zaidi iko kwenye kiwiko: kukivuta kwa nguvu baada ya jeraha kunaweza kufanya mfupa mpya uote ndani ya misuli, na kiwiko kikagoma kukunjika kwa maisha yote. Nyonga iliyochomoka irudishwe hospitalini haraka iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa 6, kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu na kufa.

Hatua ya pili: daftari la kiungo

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Chukua daftari la kawaida la shule. Ukurasa wa kwanza uwe wa jeraha: tarehe, namna lilivyotokea, uvimbe ulikuja baada ya muda gani, majibu ya daktari, siku ya kutolewa plata. Kurasa zinazofuata ziwe za vipimo. Vipimo vya kwanza vifanywe wiki 6 baada ya daktari kuruhusu kukanyaga, kisha mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, na baada ya hapo mara moja kila mwaka kwa tarehe rahisi kukumbuka, hata kama kiungo kinaonekana kizima kabisa. Kila kipimo kifanywe kwanza upande mzima, kisha upande ulioumia, saa ileile ya siku, na mtu yuleyule awe ndiye anayepima. Mikono ya watu wawili tofauti hutoa vipimo viwili tofauti, na tofauti hiyo inaweza kudhaniwa kuwa ugonjwa.

Kwa goti, anza na kunyooka. Mgonjwa alale kifudifudi kitandani, mapaja yakiwa yameegemea godoro na miguu ikining'inia nje kuanzia juu kidogo ya magoti, kisha ailegeze kabisa. Ndugu aangalie visigino: kama kisigino cha upande ulioumia kimebaki juu kuliko kingine, goti hilo halinyooki hadi mwisho, na kila sentimita 1 ya tofauti ni karibu sawa na digrii 1 iliyopotea. Wengi hupuuza digrii tano kwa kuwa hazionekani mtu akitembea. Mimi naona kipimo hiki kingekuwa cha kwanza hata kama tungeruhusiwa kimoja tu, kwa sababu goti lisilonyooka hulazimisha paja kufanya kazi muda wote na hulibana gegedu la nyuma ya pia kila hatua.

Kisha kukunja. Mgonjwa akiwa bado amelala kifudifudi, akunje goti na kuvuta kisigino kuelekea tako, na ndugu apime nafasi iliyobaki kwa futi. Nyumbani kwetu kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji futi: kuchuchumaa mbele ya jiko la makala na kuinuka bila kushika kitu. Mama aliyekuwa akipika amechuchumaa na sasa ameanza kuagiza kigoda, ingawa hasemi kwamba goti linamuuma, amekwisha kutoa taarifa, na binti zake wanapaswa kuisikia.

Uvimbe mdogo hauonekani kwa macho, lakini hupatikana kwa mkono. Mguu ukiwa umenyooshwa na paja limelegezwa, sukuma kwa kiganja upande wa ndani wa goti kutoka chini kwenda juu mara mbili au tatu, kana kwamba unafuta kitu, halafu teremsha kiganja upande wa nje kutoka juu kwenda chini. Ukiona wimbi dogo la ute linarudi na kujaza lile bonde la upande wa ndani, kuna maji ndani ya goti. Fanya hivyo asubuhi na jioni ya siku ya kazi nzito. Goti ambalo asubuhi ni kavu na jioni lina wimbi linabebeshwa kuliko linavyoweza kumudu, na hali hiyo ikiendelea wiki baada ya wiki, utando wake wa ndani umewaka, na vimeng'enya vinavyotolewa huko hula gegedu.

Misuli ya paja hupimwa kwa kuzungusha futi sentimita 10 juu ya ukingo wa juu wa pia ya goti, mguu ukiwa umenyooka na kulegea. Weka alama kwa kalamu ili futi ipite mahali pamoja kwenye miguu yote miwili. Upungufu wa sentimita 1 unaweza kuwa wa kawaida, hasa kati ya mguu anaoutumia mtu zaidi na ule mwingine. Ukifika 2 na kuzidi, na hasa ukiendelea kuongezeka kutoka kipimo hadi kipimo, misuli inayolikinga goti imekimbia kazi. Malizia kwa nguvu: kaa kwenye kiti imara kisicho na mikono, kunja mikono kifuani, uinuke na kukaa mara nyingi uwezavyo kwa sekunde 30, kisha uandike idadi. Jaribu pia kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 30, kila upande kwa zamu yake. Anayeyumba upande mmoja tu amepoteza usalama ambao ligamenti na misuli zilikuwa zikimpa.

Kifundo cha mguu kina kipimo kimoja kizuri kuliko vingine. Simama ukitazama ukuta, unyayo wote chini, ukunje goti hadi liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Rudisha mguu nyuma kidogo kidogo hadi pale ambapo goti linagusa ukuta kwa shida, na upime umbali kati ya kidole gumba cha mguu na ukuta. Tofauti ya zaidi ya sentimita 2 kati ya miguu miwili ni ya kushughulikiwa. Anayepungukiwa hapo ndiye hupata taabu kuteremka kwenye mawe makali ya mitaa yetu, akageuza mguu nje ili apite, na kugeuza huko hukabidhi mzigo kwa goti.

Nyonga hudanganya zaidi ya viungo vyote. Maumivu yake hukaa kwenye kinena, na mara nyingi huteremka hadi gotini, kiasi kwamba watu wamepigwa picha ya goti mara kadhaa huku nyonga ndiyo mgonjwa. Mwendo unaopotea kwanza ni wa kugeuka ndani: mtu akae kwenye meza, miguu ikining'inia na magoti pamoja, kisha apeleke unyayo nje bila kuinua tako. Upande usiokwenda nje kama mwenzake ni wa kumwonyesha daktari, hata pasipo maumivu. Aliyechomoka nyonga afanye kipimo hiki kila baada ya miezi 3 kwa miaka 2 ya kwanza, kwa maana kufa kwa kichwa cha mfupa mara nyingi hujitokeza ndani ya muda huo.

Kwa mkono nitasema machache. Kiwiko kipimwe kunyooka na kukunjika hadi vidole viguse bega. Bega lipimwe kwa kupeleka mkono mgongoni na kuona kidole gumba kimefika wapi. Aliyeangukia kiganja na anayeumia chini ya kidole gumba, kwenye kile kishimo cha kifundo cha mkono, asiridhike na picha ya siku ya kwanza isiyoonyesha kitu. Irudiwe baada ya siku 10 hadi 14, kwa sababu ufa wa kimfupa kilicho hapo mara nyingi huonekana kwa kuchelewa, na ukiachwa hauungi, na kifundo chote huharibika.

Hatua ya tatu: kusikiliza kile ambacho mtu ameacha kufanya

Vipimo ni nusu ya uchunguzi. Nusu ya pili iko katika mazoea, na mara nyingi watu wa nyumbani huyaona kabla ya mgonjwa mwenyewe. Mwendesha chukudu huweka goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu wa pili; aliyebadilisha goti bila kujua kwa nini, aulizwe. Mchezaji wa mpira aliyeanza kukwepa kugeuka kwa ghafla, mwanamke aliyebadilisha njia ya kwenda sokoni ili asiteremke mlima, mzee anayeshika ukuta akishuka ngazi ingawa hupanda bila shida, wote wanaonyesha jambo moja.

Dalili nyingine zina tabia zake. Ukakamavu wa asubuhi, au wa baada ya kukaa muda mrefu kanisani, ambao huachia baada ya hatua chache na hauvuki nusu saa, unafanana na athrozi. Mlio wa kusagika unaosikika pamoja na mtikisiko chini ya kiganja kilichowekwa juu ya pia una maana zaidi kuliko mlio mkavu wa mara moja usio na maumivu, ambao watu wengi wazima wanao. Goti linalolegea ghafla na kutaka kukuangusha linaashiria ligamenti au udhaifu wa paja. Goti linalokwama nusu ya kukunjika linaashiria kipande cha meniski au cha gegedu kilichochomoka. Haya mawili yasisubiri mwaka uishe, kwani kila mlegeo mmoja unaweza kukwangua gegedu upya.

Kwa wiki mbili kabla ya kila kipimo, andika kila jioni mstari mmoja: kazi ya siku hiyo, uvimbe upo au haupo, maumivu kutoka 0 hadi 10, dawa iliyomezwa. Dawa isiachwe nje ya orodha, kwa sababu anayemeza diklofenaki kila asubuhi anaweza kuandika sifuri ya maumivu kwa miezi na kujidanganya.

Hatua ya nne: kutenganisha ugonjwa huu na mingine

Kiungo kimoja kilichovimba, chenye moto, kinachouma hata bila kuguswa sana, pamoja na homa au mwili kutetemeka, huenda kina usaha, na hilo ni jambo la kwenda hospitali siku hiyohiyo, hata usiku, kwa sababu usaha unaweza kuharibu gegedu ndani ya siku chache. Kisikandwe, na kisidungwe sindano ya aina yoyote kabla ute wake haujatolewa na kuchunguzwa.

Kiungo kimoja kinachovimba taratibu kwa wiki au miezi, kisicho na moto mwingi, kwa mtu anayekonda na kutoka jasho usiku, kichunguzwe kifua kikuu cha kiungo. Ugonjwa huo upo kwetu, unatibika, na huweza kufichwa na kumbukumbu ya anguko la zamani, mtu akisema kwamba ni lile goti lake la ajali. Viungo vingi vidogo vya mikono yote miwili vinavyokakamaa zaidi ya saa moja asubuhi vinaelekeza kwenye baridi yabisi, na kidole gumba cha mguu kinachowaka usiku mmoja kinaelekeza kwenye jongo. Mtoto au kijana mwenye SS (ugonjwa wa selimundu) anaweza kufa kichwa cha mfupa wa nyonga bila kuanguka popote.

Hatua ya tano: kwenda kwa daktari na kuomba picha inayofaa

Ukiona tofauti mpya kati ya pande mbili, na tofauti hiyo ikabaki hivyo baada ya kurudia kipimo wiki mbili baadaye, chukua daftari na picha za zamani, uende. Goma ina bahati ya kuwa na hospitali zenye mazoea ya mifupa: HEAL Africa, iliyoanzishwa na daktari Jo Lusi, mpasuaji wa mifupa, hospitali ya CBCA Ndosho, ambako Msalaba Mwekundu wa Kimataifa umesaidia upasuaji wa majeruhi wa vita kwa miaka mingi, na Hospitali ya Mkoa wa Kivu ya Kaskazini. Kituo cha Shirika la Umoja kinajulikana kwa kuwahudumia watu wenye ulemavu wa viungo. Mtaalamu wa kinesiterapi (tiba ya viungo kwa mazoezi), yule tunayemwita kine, anaweza kupima mwendo na nguvu kwa usahihi kuliko nyumbani, na mara nyingi yeye ndiye anayefaa kuonwa kwanza.

Radio ya goti iliyopigwa mgonjwa akiwa amelala huweza kuficha ugonjwa, kwa kuwa nafasi kati ya mifupa huonekana pana pasipo uzito. Omba kwa upole picha ipigwe ukiwa umesimama, magoti yote mawili kwenye filamu moja, na ikiwezekana nyingine magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, pamoja na ya ubavuni. Kifundo cha mguu nacho kipigwe kikiwa kimebeba uzito. Daktari huisoma picha kwa ngazi tano, kutoka 0 hadi 4, zilizopangwa na Kellgren na Lawrence mwaka 1957, akitazama miiba midogo ya mfupa kwenye kingo na kupungua kwa nafasi. Lakini radio haioni gegedu lenyewe. Huona tu nafasi linamokaa. Picha safi pamoja na goti linalojaa maji kila jioni haimaanishi kwamba goti ni zima, na daftari lenye vipimo vya miaka miwili lina haki ya kuwekwa mezani kando ya picha hiyo.

Ekografi (picha ya mawimbi ya sauti) huonyesha ute na uvimbe wa utando wa ndani, na haina mionzi. IRM (picha ya mashine ya sumaku) ndiyo inayoona gegedu, meniski na ligamenti mapema kuliko vyote, lakini gharama yake ni kubwa, hivyo muulize daktari kabla ya kuuza mbuzi: matokeo yatabadilisha matibabu yangu? Kama jibu ni mazoezi yaleyale, subiri. Kama goti linakwama au linalegea na upasuaji unafikiriwa, kipimo hicho kina maana.

Kuhusu damu, hakuna kipimo cha kawaida cha maabara kinachothibitisha athrozi. Damu hupimwa ili kuondoa magonjwa mengine. ASLO, ambayo huandikwa mara nyingi kwa kila anayelalamika viungo, huonyesha tu kwamba mwili uliwahi kukutana na bakteria fulani wa koo. Kuwa kwake juu hakuelezi goti lililoumia katika ajali, na kudungwa penisilini kwa miezi kwa ajili ya namba hiyo pekee hakulisaidii goti hilo.

Hatua ya sita: mambo ya kufanya dalili zikipatikana mapema

Gegedu lililopotea halirudi, lakini mwendo wa kupotea unaweza kupunguzwa, na kiungo kikatumika vizuri kwa miaka mingi zaidi. Dawa ya kwanza ni nguvu ya misuli. Kwa goti: kukaza paja mguu ukiwa umenyooka, kuinuka kwenye kiti polepole, kupanda na kushuka kidato kimoja cha ngazi, kusimama kwa mguu mmoja, mara tatu kwa wiki kwa miezi isiyopungua 3 kabla ya kuhukumu kama imesaidia. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika ikiwa yametulia kabla ya kesho yake na goti halikuvimba. Likivimba, punguza idadi badala ya kuacha kabisa. Kunyooka kulikopotea kurudishwe kwanza, kwa kuweka kisigino juu ya mto na kuliachia goti lizame lenyewe kwa dakika kadhaa, mara nyingi kwa siku.

Uzito ni jambo la pili. Kila kilo 1 inayopungua mwilini hupunguza karibu kilo 4 za mzigo kwenye goti kwa kila hatua, na hatua za siku moja ni maelfu. La tatu ni kazi: mwendesha chukudu aweke mpira mnene au sponji mahali pa goti na abadilishe magoti; mbebaji agawe mzigo katika safari mbili; anayehitaji fimbo aishike kwa mkono wa upande mzima, si wa upande mgonjwa.

Dawa za maumivu zitumike kwa muda mfupi na kwa ushauri, kwani diklofenaki na ibuprofeni huumiza tumbo na figo, hasa kwa wenye presha. Sindano za deksametazoni zinazodungwa kiholela hutoa nafuu ya haraka ambayo humrudisha mtu kwenye mzigo uleule, na dawa za jamii hiyo zikidungwa ndani ya kiungo mara kwa mara huweza kupunguza gegedu zaidi. Daktari anaweza kuchagua sindano moja kwa sababu maalumu. Muuza dawa wa mtaani asipewe uamuzi huo.

Yabaki makundi mawili. Mtoto aliyevunjika karibu na kiungo apimwe kila miezi 6 hadi amalize kukua, kwa kumsimamisha wima na kutazama kama goti au kiwiko kinaanza kupinda na kama miguu ina urefu sawa, kwa sababu tabaka la mfupa linalokua likiumia upande mmoja, mfupa huota umepinda, na kurekebisha upindo ukiwa mdogo ni rahisi kuliko baada ya kubalehe. Na aliyebaki na risasi ndani ya kiungo chenyewe asiambiwe tu kwamba imekwisha kuzoea mwili: ute wa kiungo huyeyusha madini yake polepole, yakala gegedu na kuingia katika damu kama sumu. Huyo apigwe radio ya mbele na ya ubavuni ili ijulikane kama risasi iko ndani ya kiungo au katika nyama za pembeni, na ikiwa iko ndani, apelekwe kwa mpasuaji akiwa na picha hizo, hata kama haoni maumivu yoyote.